Uzima wa Sikitu

Uji wa uwele ukiungua chini ya sufuria hutoa harufu ambayo haina ndugu. Juzi mkwe wangu aliiacha sufuria jikoni, akaenda kupiga soga kwa jirani, na nyumba nzima ikajaa harufu ile. Nilitakiwa nimkaripie, maana sufuria ni yangu na uwele siku hizi si wa kuchezea. Badala yake nikakaa kwenye kigoda nikalia machozi ya kweli. Maskini akadhani naililia sufuria, akaanza kuisugua kwa majivu huku akiomba radhi. Sikumweleza kitu. Vijana ukiwasimulia habari za vijiji vya ujamaa wanakutazama kama unawasimulia habari za safina ya Nuhu. Naandika kwa ajili yenu wenzangu wa rika langu, mliokunywa uji ule ule kwa vikombe vya bati, mnaojua ninachosema.

Shuleni kwetu uji ulipikwa kwenye pipa lililokatwa nusu, nyuma ya darasa la kwanza. Uliungua karibu kila siku, kwa sababu uliiva wakati wa kipindi cha dini na wapishi walikuwa wanafunzi wenye dini. Ringi ya lori iliyoning'inia mtini ikigongwa, shule ilipasuka vipande vitatu. Wakristo waliingia darasani kwa katekista. Sisi Waislamu tulikwenda kukaa kwenye kivuli cha ghala, mbele ya maalim. Kipande cha tatu kilichukua ndoo na vibuyu, kikateremka korongoni kuchota maji. Hao waliitwa wasio na dini. Mwalimu wa zamu alitangaza kwa sauti kubwa, "Wakristo huku, Waislamu kule, wasio na dini, maji!" Mimi nilidhani kutokuwa na dini ni cheo, kama ukiranja wa usafi. Niliwaonea wivu wale watoto, maana walikuwa wanacheza mchangani wakati sisi tunahangaika kukariri.

Rafiki yangu Sikitu alikuwa mmoja wa watu wa maji. Kwao walishika mila, hawakuwa wameingia msikitini wala kanisani. Jina lake lilikuwa na sababu yake. Kabla yake mama yake alikuwa amezaa watoto wawili, na wote wawili walikufa kabla ya kuota meno. Alipozaliwa huyu wa tatu akaitwa Sikitu, yaani si kitu, ili kifo kikipita mlangoni na kuuliza kuna nini humo ndani kiambiwe hamna kitu, kiende zake. Baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga tangu mtoto yuko mgongoni, na hakurudi. Walibaki wawili tu, mama na mwana, na mama yule alimpenda mtoto wake kwa namna ya kuficha. Hakuwahi kumsifu mbele za watu. Ukimwambia, "Sikitu amekua," anajibu, "Amekua wapi, huyu? Kijiti tu."

Kwao zamani kulikuwa nyuma ya majabali, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kijijini, kwenye tembe lao la udongo. Kwetu pia. Sote tulihamishwa. Walikuja mgambo wakang'oa paa la kila tembe ili mtu asiwe na pa kurudi, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba za miti na nyasi, mlango ukitazama mgongo wa nyumba ya jirani. Matembe yale yakageuka mahame. Wale watoto wawili wa Mama Sikitu walibaki wamezikwa kule, ubavuni mwa nyumba isiyo na paa, na kwenda kule kulikuwa kumekatazwa. Mwenyekiti wa kijiji alisema anayerudi mahame anarudi ukoloni. Mama Sikitu aliitikia kama wengine, lakini kuna siku alikosekana kisimani tangu alfajiri, na aliporudi miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la kule.

Nisiwadanganye kwamba dini zilitugawa majumbani. Baba yangu alikuwa Mwislamu na mdogo wake, baba mdogo, alikuwa Mkristo. Kuku wa Krismasi alichinjwa na baba ili wote tule, na sikukuu ya Idi mama mdogo ndiye alikuwa wa kwanza kufika jikoni. Ugomvi ulianzia shuleni, kwenye vile vipande vitatu. Mwezi wa Ramadhani watoto wa katekista walituimbia kwamba tunashinda njaa ya kujitakia. Sisi tukawajibu kwa maneno ambayo siyarudii, mawe yakafuata, na mtoto mmoja akapasuliwa paji la uso. Wale wa maji walipopanda kutoka korongoni na ndoo zao wakapigwa na pande zote mbili.

Mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa ziwa, alikuwa mpole, na alikuwa na tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo zito. Hakutuchapa. Aliwaita katekista na maalim ofisini, wakakaa muda mrefu, na wiki iliyofuata ringi ilipogongwa mwalimu wa zamu hakutangaza kitu. Tuliambiwa sote twende chini ya ukuta mrefu wa darasa la nne, Wakristo, Waislamu, na watu wa maji pia. Maji yangechotwa baadaye. Mwalimu mkuu akafuta miwani. "Kila wiki siku hii ni kipindi cha kujuana," alisema. "Hapa hakuna atakayegeuzwa dini. Kila mmoja ataeleza ya kwake, na mwenzake atasikiliza bila kucheka. Mtu humcheka asiyemjua."

Nakumbuka vile vipindi kuliko hesabu zote nilizofundishwa. Maalim alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, mshona nguo, na sindano ilikuwa haimtoki kwenye ukosi wa kanzu. Alituonyesha sote jinsi ya kutawadha, akatueleza mtoto akizaliwa husomewa adhana sikioni ili neno la kwanza kulisikia liwe jema. Katekista alikuwa mrefu, na baiskeli yake haikuwa na breki, kwa hiyo alisimama kwa kuburuta kiatu, na kiatu cha kulia kilikuwa kimelika kisigino. Alikuwa na sauti nzuri, na ingawa sisi tulikuwa Waislamu tulipenda kumsikiliza. Siku moja Sikitu alinyoosha kidole. "Mwalimu, na sisi watu wa maji, ya kwetu tutaeleza lini?" Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwambia amwalike mama yake aje aeleze. Mama Sikitu alipoambiwa alijibu, "Ya kwetu hayaandikwi ubaoni," akaendelea kutwanga.

Siku ya ubatizo ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Katekista alitueleza maji yale yana maana gani, na akasema, kwa ile sauti yake, kwamba anayebatizwa anapata uzima wa milele. Sasa, ninyi mnajua Kiswahili chetu cha bara. Kila asubuhi kwetu mtu akibisha hodi anauliza, "Hamjambo humu? Wazima?" na mama anaitikia, "Wazima kabisa." Mtoto akipona homa wanasema amekuwa mzima. Mimi sikujua uzima mwingine. Nikasikia kwamba kuna maji ambayo mtu akimwagiwa anakuwa mzima moja kwa moja, haugui tena, na nikashangaa Wakristo wanapataje malaria. Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, kama mtu ni mgonjwa sana na wewe katekista hupo?"

Alifurahi mpaka uso ukang'aa. Nadhani ndilo swali bora alilowahi kuulizwa na mtoto. "Mtu akiwa katika hatari ya kufa," alisema, "yeyote anaweza kumbatiza. Hata asiye Mkristo. Hata wewe, Zuhura. Yanahitajika maji, na maneno, na kusudi la kufanya lile linalofanywa na Kanisa." Akatufundisha maneno yenyewe, tukayasema pamoja, Waislamu na Wakristo na watu wa maji. Maalim alikuwa amekaa pembeni anakohoa, hakukataza, kwa sababu ndiyo yalikuwa mapatano yao. Mimi nilishika maji na maneno. Lile la kusudi lilipita juu ya kichwa changu.

Masika ile ikaja surua. Zamani, tulipokaa kila ukoo na tembe lake, ugonjwa ulichoka njiani. Sasa ulikuwa unatembea mlango kwa mlango kama mtoza ushuru. Zahanati ya kijiji ilikuwa msingi wa mawe tu uliokwisha kuota nyasi, na barabara ya kwenda ilipo zahanati nyingine ilikuwa imekatwa na maji. Shule ikafungwa. Kila asubuhi tuliamka tukisikiliza kilio kimetokea mstari gani. Mimi iliniuguza mapema, nikapona, ikaniachia sikio linalotoa usaha. Sikitu akaugua baada yangu.

Ilikuwa wakati wa palizi katika shamba la ujamaa, na filimbi ya mwenyekiti ilikuwa haina huruma. Alisema mtoto mgonjwa si ruhusa, kwa kuwa kila nyumba ina mtoto mgonjwa, na tukianza kuruhusiana hakuna jani litakalong'olewa. Mama Sikitu alikwisha kukosa siku kadhaa na alikwisha kuonywa. Mchana ule alikuja kwetu na jembe begani, uso umemkauka. Mama alikuwa amekwisha kwenda shambani.

"Zuhura mwanangu," aliniambia, "wewe umeshaugua, haikudhuru tena. Kakae na mwenzio mpaka nirudi. Usimfungulie mlango upepo ukampiga. Na maji ya baridi yasimguse kabisa, asinywe wala asioge. Surua ikiguswa na maji inarudi ndani."

"Sawa, mama."

"Yasimguse kabisa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Ndani kulikuwa giza na joto. Sikitu alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yamegandamana, midomo imepasuka, na pumzi yake ilikuwa fupi fupi. Nilimwita, hakugeuka. Nilimpigia hadithi za shuleni, nikamwambia maalim amejichoma sindano, jambo ambalo halikuwa kweli, ili acheke. Hakucheka. Nikaogopa. Mtu mzima akiogopa anajua anachokiogopa. Mimi niliogopa ule ukimya tu, na nikakumbuka kwamba ninalo jambo la kufanya, tena nimefundishwa na mwalimu.

Nilifikiria lile katazo, msidhani nililisahau. Lakini katazo lilikuwa la maji matupu, na haya yalikuwa maji yenye maneno. Nilichota kwa kata kutoka kwenye mtungi. Nikasema bismillahi, kwa sababu kwetu hata kikombe cha maji hakiguswi bila bismillahi. Kisha nikammwagia maji kichwani, nikasema, "Sikitu, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nikamkausha na upindo wa nguo yangu, nikakaa kungoja awe mzima.

Mama yake aliporudi jua limeinama, Sikitu alikuwa bado anapumua lakini hakusema tena. Alimpakata. Kabla wanawake wa mstari wetu hawajamaliza kuwasha moto wa jioni, nikasikia kilio kinatoka nyumba ile niliyotoka mimi.

Asubuhi watu walikusanyika. Mama Sikitu hakuomba sanda nzuri wala hakuomba chakula cha msiba. Aliomba jambo moja, mtoto wake akazikwe kwenye mahame, ubavuni mwa wale wawili. Makaburi ya kijiji yalikuwa yamepimwa na kamati: upande huu Wakristo, upande ule Waislamu, na katikati njia ya kupitisha jeneza. Upande wa tatu haukupimwa. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa amezika mjukuu wiki ile, aliangalia chini, akasema, "Mimi sijaona mtu akienda kokote," na hiyo ilikuwa ruhusa. Vijana wakachukua majembe. Mtoto amekwisha kufungwa kwenye mkeka. Wangeondoka wakati ule ule, na ndipo mimi nikamwona katekista anaegesha baiskeli yake.

Nilikuwa na hasira naye. Hiyo ndiyo kweli. Nilimwendea kama mtu anayerudisha dukani betri zisizowaka.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Zuhura. Poleni na msiba."

"Mwalimu, mbona nilimbatiza Sikitu na hakuwa mzima?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Katekista akachutama mbele yangu. "Ulifanya nini, binti yangu?"

"Nilimbatiza. Maji nilimmwagia na maneno nilisema. Wewe ulisema atapata uzima."

Baba yangu aliinuka kutoka walikokaa wanaume. Katekista naye akasimama. Watu wengi baadaye walisema yule bwana alitaka kuongeza idadi ya waumini wake. Walimwonea. Mimi nilikuwa chini ya uso wake, nikaona mtu aliyeogopa. "Ndugu zangu," alisema, "kama maneno yalisemwa, huyu mtoto ni Mkristo. Siwezi kumwacha Mkristo akalazwe porini bila msalaba. Siku ya mwisho nitajibu nini?"

"Binti yangu hawezi kumfanya mtu Mkristo!" baba alisema. "Atatoa wapi kitu asichokuwa nacho?"

"Mzee, anaweza. Nilifundisha hivyo mwenyewe, mbele ya mwalimu mkuu."

"Kwa hiyo shuleni mlimtuma mtoto wangu kazi ya kanisa?"

Ndipo kelele zikaanza. Waislamu wakamgeukia mwalimu mkuu, wakamwambia kujuana kwake ndiko huku. Wakristo wakasema maiti ni yao. Mwalimu mkuu alifuta miwani, akaivaa, akaivua tena. Kutoka ndani, katikati ya wanawake, ikasikika sauti ya Mama Sikitu, ya chini tu. "Mimi nampeleka kwa wenzake. Wapo kule wananingoja." Wanaume wakaendelea kupaza sauti.

Maalim alikohoa mpaka watu wakanyamaza. "Tugombanie nini wakati mtoto mwenyewe yuko hapa?" alisema. "Aulizwe. Kwetu kila amali ni kwa nia yake. Na kwenu, katekista, nilikusikia ukifundisha, ni hivyo hivyo."

"Ni hivyo hivyo," katekista alikubali.

Wakaniweka katikati. Watu wazima wa kijiji kizima walinitazama, na baba hakuwa ananitazama.

"Ulianza kusema nini?" katekista aliuliza.

"Bismillahi."

Mtu mmoja akacheka kwa pua, akanyamazishwa.

"Halafu?"

Nikasema yale maneno yote, bila kukosea. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, hilo hawakuweza kuninyang'anya.

"Ulimpa jina gani?"

"Sikitu."

"Hilo si jina la Kikristo, Zuhura."

"Ndilo jina lake."

Katekista akapangusa uso wake kwa kiganja. Swali la mwisho alilisema polepole, na najua sasa kwamba alikuwa anaomba jibu la kumfungua yeye mwenyewe. "Ulipommwagia maji, ulikusudia awe nani?"

Sikulielewa. Nilimtazama, nikamtazama maalim. "Nilitaka awe mzima," nikasema. "Kama mimi."

Maalim aliinamisha kichwa. Katekista alikwenda akashika usukani wa baiskeli yake, akasimama hivyo akitupa mgongo, kisha akageuka na kusema jambo hili liko juu ya uwezo wake, ni la kumwuliza padri.

"Padri anakuja lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Mvua ikikatika."

Maiti haingoji mvua ikatike. Mwenyekiti alikuwa anaogopa mambo mawili sasa: kwamba huko wilayani wasikie kijiji chake kimegawanyika kwa dini, na kwamba jambo la mahame, ambalo asubuhi alilifumbia macho, limekuwa la hadhara. Macho yaliyofumbuliwa mbele ya watu hayafumbiki tena. Akaamua. Mtoto azikwe kwenye makaburi ya kijiji, upande huu wala ule usiwe wake, azikwe katikati, kwenye ile njia. Alisema hivyo akiamini ametenda haki kwa wote.

Mama Sikitu alitoka nje. Alitazama mkeka, akatazama upande wa majabali. Mtu aliyehamishwa mara moja kwa mgambo anajua mahali pa kuacha kubishana. Akawafuata wachimbaji.

Kaburini nilitegemea dua, au wimbo, au chochote. Katekista alikuwa amesimama upande wake na maalim upande wake, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, kwa heshima, kwa woga, sijui. Walikuwa wamejifunza kuheshimiana kiasi kwamba hakuna aliyethubutu. Wazee wa mila nao hawakuitwa. Upepo wetu wa Singida mnaujua, ulikuwa unapiga mkeka ukausikia. Mwishowe mchimbaji mmoja akasema, "Basi tufukie," na Sikitu akafukiwa bila neno hata moja. Dini mbili zilikuwepo na mila moja, na mtoto akaenda hivyo hivyo.

Jioni ile ile baba alinishika mkono mpaka kwa maalim, kwa sababu hakujua kama binti aliyetamka yale maneno bado ni Mwislamu. Maalim alinitaka niseme shahada. Nikaisema. "Haya, yamekwisha," alisema, na kumwambia baba anipeleke nikale. Baba hakunipiga. Ningependa angenipiga, tungemaliza.

Shule ilipofunguliwa mwalimu mkuu hakuwepo. Tuliambiwa amehamishwa, na barua ilikuja haraka kuliko dawa ya surua. Mwalimu wa zamu akagonga ringi na kutangaza tena kwa ile sauti, Wakristo huku, Waislamu kule, wasio na dini, maji. Watu wa maji walikuwa wamepungua. Wakati wa mapumziko watoto walinibatiza jina la Katekista, nikakaa nalo hadi darasa la saba, na kuna wazee mpaka leo nikipita Ikungi wananiita hivyo kwa utani. Nawaitikia. Mwaka ule, kila jeneza lililoletwa makaburini lilibidi lipindishwe kidogo pale katikati, wabebaji wakinong'onezana, "Angalia mtoto."

Mnaweza kuniuliza kama najuta. Nilipokuwa mtu mzima muuguzi mmoja aliniambia maji hayamuui mwenye surua, kinachomuua ni kuyakosa. Nilimshukuru, lakini nilikwisha kukaa miaka mingi na mawazo mengine, na sikumwambia. Utotoni nilikuwa na hakika kwamba Mama Sikitu ananiona kuwa ndimi niliyemwulia mtoto, na juu ya hilo nikampokonya kaburi. Nilimkwepa. Nikimwona kwenye njia napita migongo ya nyumba. Nikisikia sauti yake kisimani nakaa mbali na ndoo yangu hadi aondoke, na nyumbani nikapigwa kwa kuchelewesha maji.

Alinikamata kiangazi, baada ya mavuno, wakati maji ya korongoni yameshuka na kisima cha mchangani kimechimbwa kirefu mpaka mchotaji lazima aingie ndani. Nilikuwa nimo shimoni, kichwa kimezama chini ya ukingo, nikaona kivuli. Nilipotazama juu alikuwa yeye, amesimama ukingoni, na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alichutama. Alikuwa amekonda sana. "Zuhura, siku ile wanaume walikuuliza ulisema nini."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sina haja na ulichosema. Ulipommwagia maji, yeye alisema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Katekista hakuuliza, wala maalim, wala baba. Nilisimama pale na maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikamwambia. Nilimwambia kwamba maji yalimtiririkia usoni, yakamfika midomoni, akayalamba. Akafumbua jicho moja. Akasema, "Ongeza."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, 'Ongeza, Zuhura.' "

"Ukamwongeza?"

Nilijua katazo ni lake, na nilijua sasa ndipo nitapigwa. "Nilimwongeza," nikasema. "Alikunywa kata nzima. Nikachota nyingine, akanywa."

Mama Sikitu alikaa chini mchangani, miguu ameinyoosha kama mtoto mdogo, na kwa kitambo akawa anapitisha kiganja chake juu ya mchanga.

"Basi hakufa na kiu," alisema.

Kisha akanyoosha mkono niupokee, akanivuta kutoka kisimani.